Uzi: Fundi wa mabomba anahitaji vyeti na vibali gani ili afanye kazi kihalali Nakuru, Kisumu na Magharibi?

Fundi wa Lanet (mwanzishaji wa uzi)

Habari zenu nyote. Nimekuwa fundi wa mabomba kwa miaka ishirini na miwili, kumi na minne ya kwanza nikiwa Kisumu na iliyobaki nikiwa hapa Nakuru, na karibu kila wiki kijana fulani hunipigia simu akiniuliza swali lile lile: "Mzee, leseni ya fundi bomba hutolewa wapi, na ni pesa ngapi?" Wiki iliyopita aliyeniuliza alikuwa amekwisha kulipa. Alimpa mtu wa kando ya barabara shilingi elfu nne na mia tano, akapewa kadi ya plastiki yenye picha yake, nembo ya taifa iliyochapishwa ikafifia, na maneno yanayosema kwamba anaruhusiwa kufanya kazi ya mabomba Kenya nzima. Niliigeuza kadi ile mbele na nyuma nikitafuta jina la mamlaka iliyoitoa, na sikuliona popote. Kijana mwenyewe ana mkono mzuri, nimefanya naye kazi, na pesa zile alikuwa amezidunduliza ili anunue mashine yake ya kwanza ya kuchomelea mabomba ya PPR, yale ya plastiki yanayounganishwa kwa joto. Hilo limeniuma, nami nimeona niandike yote ninayoyajua mahali pamoja ili mwingine asiibiwe.

Jambo la kwanza ambalo kila anayeanza anapaswa kulishika ni kwamba hakuna karatasi moja inayomfungulia fundi kazi zote za mabomba katika nchi hii. Kuna wanaouliza kama unaijua kazi, kuna wanaouliza kama unaruhusiwa kuingia kwenye jengo linalojengwa, kuna mwenye bomba kuu la maji, na kuna serikali inayotaka kuijua biashara yako na kodi yake. Kila mmoja ana ofisi yake na karatasi yake, na karatasi ya mmoja haijibu swali la mwingine. Anayekuuzia karatasi moja inayodai kuyajibu yote anakudanganya.

Nitakaa zaidi kwenye ujuzi, kwa sababu ndipo mengine yote yanapoanzia. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo sote tunaiita NITA, ndiyo inayosimamia mtihani wa ufundi wa serikali. Kabla ya mwaka 2011 kazi hiyo ilikuwa chini ya idara iliyojulikana kama DIT, na ndiyo maana mafundi wa rika langu bado wana vyeti vyenye jina hilo. Mtihani una gredi tatu, na hapa wenye nyumba wengi hukosea: gredi ya tatu ndiyo ya chini, kisha ya pili, na ya kwanza ndiyo ya juu kabisa. Awamu za mtihani kwa kawaida ni Aprili, Agosti na Desemba. Kwa watu wa Kisumu na Magharibi, NITA ina kituo chake hapo Kisumu, na vyuo kadhaa vya ufundi pia hutumika kama vituo vya mtihani. Si lazima uwe umepita chuoni, kwa maana aliyejifunza kazi kwa kumfuata fundi mwingine kama mwanagenzi anaruhusiwa kujisajili na kutahiniwa kama mwenzake wa chuo.

Nawaeleza kilichonipata nilipokwenda kufanya gredi ya kwanza, kwa kuwa ndicho kilichonifundisha kazi ya mtihani huo. Nilikuwa na zaidi ya miaka kumi kazini na nilijiamini. Tulipewa mchoro, mabomba, viwiko na tii, tukaambiwa tuunganishe mfumo wa maji ya moto na baridi kwenye ubao. Viungo vyangu kwa nje vilipendeza, kila kimoja kikiwa na pete nzuri ya plastiki iliyotoka sawasawa pande zote. Mtahini akavitazama, hakusema kitu, akachukua msumeno akakipasua kimoja kwa urefu na kunionyesha ndani. Plastiki ilikuwa imeyeyuka kupita kiasi ikavimbia ndani ya bomba, na tundu lililobaki lingepitisha penseli na si zaidi. Nilikuwa nikikadiria muda kwa macho, kumbe bomba la milimita 20 linahitaji sekunde 5 tu kwenye mashine yenye joto la nyuzi 260, na la milimita 25 linahitaji sekunde 7. Mimi nilikuwa nikifika hata sekunde kumi na mbili. Nilisimama pale nikikumbuka nyumba za wateja walionilalamikia kwamba maji ya bafuni yana nguvu ndogo, nami nikawajibu kwamba tangi lao liko chini. Baadaye nilirudi kwa wawili kati yao nikabadilisha viungo bila malipo.

Sasa jengo. Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya mwaka 2011 iliipa mamlaka hiyo, NCA, kazi mbili ambazo mafundi wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kumtambua fundi stadi mmoja mmoja, yaani wewe na mikono yako, ili mkaguzi akifika kwenye mjengo aone kwamba anayelaza mabomba ni mtu anayetambuliwa. Ya pili ni kuisajili kampuni kama mkandarasi, kuanzia daraja la NCA 1 lililo la juu hadi NCA 8 lililo la chini. Kazi ya mabomba na maji taka imewekwa kwenye kundi la wakandarasi maalumu, na aliye kwenye NCA 8 katika kundi hilo anaweza kuchukua mkataba wa hadi shilingi milioni 10. Leseni ya mkandarasi huhuishwa kila mwaka. Fundi anayebadilisha koki ya jikoni kwa mama mmoja wa mtaa wa Section 58 hapa Nakuru hahitaji kuwa na kampuni, lakini anayetia saini mkataba wa kuweka mabomba kwenye ghorofa nne anafanya biashara ya ukandarasi, na kuifanya bila kusajiliwa ni kosa la jinai.

Kuhusu maji ya kampuni, naomba kila kijana anisikilize vizuri. Mpaka ni mita. Baada ya mita, mabomba ni ya mteja na anaweza kumwita fundi anayemtaka. Kabla ya mita, kuanzia bomba kuu, ni mali ya kampuni ya maji, iwe ni NAWASSCO hapa Nakuru, KIWASCO kule Kisumu au kampuni ya kaunti yako, na fundi wa nje akiligusa bomba hilo iwe ni kwa kuwa kampuni yenyewe imemwidhinisha na kumtuma. Kampuni hizo zenyewe hupewa leseni na Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, WASREB, chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016, na kuunganisha maji kwa njia ya wizi ni kosa chini ya sheria hiyo hiyo. Kukata barabara ili kupitisha bomba ni ruhusa nyingine tena, nayo huombwa kwa mwenye barabara, ambaye mara nyingi ni kaunti.

Nilipokuwa bado kijana, mwenzangu tuliyekuwa tukishiriki naye vifaa aliitwa na mwenye nyumba za kupanga amtolee laini usiku kabla ya mita. Aliahidiwa elfu sita. Siku ya tatu walikuja na polisi, na yule mwenye nyumba akasimama mlangoni akasema hamjui fundi huyo wala hakumtuma. Mwenzangu alilala rumande, vifaa vyetu vyote vikachukuliwa kama ushahidi, ikiwemo spana yangu kubwa ya bomba. Hadi leo hafanyi tena kazi hii.

Kibali cha biashara cha kaunti, usajili wa jina la biashara kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, havina mzunguko mrefu, ila kibali cha kaunti ni cha kaunti hiyo na mahali hapo palipoandikwa. Ukiwa na karakana Nakuru na nyingine Kisumu, utalipia vibali viwili.

Aliye na swali aulize, na aliye na ujuzi zaidi yangu anisahihishe.

Binti wa Sigalagala

Nakusalimu kwa heshima, mzee wetu. Mimi ninamaliza masomo ya mabomba ngazi ya tano katika chuo cha ufundi hapa Sigalagala, Kakamega, na ninatarajia kurudi nyumbani Vihiga kufanya kazi. Je, nikiwa na cheti cha chuo kinachotolewa kwa mfumo wa umahiri, bado nitalazimika kufanya mtihani wa NITA? Mhadhiri wetu mmoja alisema hapana, lakini fundi niliyefanya naye mafunzo ya vitendo alisisitiza kwamba bila NITA hakuna atakayenitambua. Pia, kama msichana, ninaulizwa cheti mara mbili zaidi ya wavulana tunaofuatana nao kazini, kwa hiyo nataka niwe nacho kilicho sahihi.

Fundi wa Lanet

Binti yangu, karibu sana kwenye kazi. Mhadhiri wako yuko sahihi. Ngazi ya tano ni cheti cha ufundi kinachosimama chenyewe, juu ya ngazi ya nne ya fundi mchundo na chini ya ngazi ya sita ambayo ni stashahada. Unaweza kuomba kutambuliwa na NCA kwa cheti hicho. Mtihani wa NITA utakusaidia tu pale mwajiri fulani anapoutaja kwa jina kwenye tangazo la kazi, na hilo hutokea hasa kwenye viwanda na hoteli ambazo zimezoea gredi. Usiende kulipa pesa za gredi ya tatu wakati tayari una cheti kinachoizidi.

Kuhusu kuulizwa cheti mara mbili, nakuelewa, na ni jambo baya. Tengeneza nakala zilizothibitishwa, ziweke kwenye faili ya plastiki ndani ya begi la vifaa, na uzitoe kabla hujaulizwa. Wasichana wawili niliowafundisha hufanya hivyo, na wanasema mteja hunyamaza mapema.

Mwenye Nyumba, Kakamega

Nimeusoma uzi huu kwa makini kwa sababu mwaka jana nilichimbiwa mtaro wa maji taka na fundi aliyekuja na vijana wawili, na ukuta wa mtaro ukamporomokea mmoja wao hadi kiunoni. Tunamshukuru Mungu alitolewa akiwa mzima, ila mguu ulivunjika. Fundi alitoweka kwa wiki mbili, na familia ya kijana ikaja kwangu. Nililipa gharama za hospitali kwa ubinadamu, lakini nataka kujua: kisheria mzigo ule ulikuwa wa nani? Na ningeweza kujuaje mapema kwamba fundi huyo si mtu wa kutegemewa?

Afisa Usalama Kazini (mstaafu), Eldoret

Mama au mzee, samahani sijui nikuite vipi, pole kwa yaliyokukuta. Niliyafanyia kazi masuala haya kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo.

Kuna sheria mbili za mwaka 2007 zinazohusika. Moja ni ya usalama na afya kazini, na nyingine ni ya fidia kwa wanaoumia kazini, ambayo wengi wanaiita WIBA. Kwa ujumla, fundi aliyekubaliana nawe bei ya kazi nzima, akaja na vijana wake, akawalipa yeye na kuwaelekeza yeye, ndiye mwajiri wao, na ndiye aliyepaswa kuwa na bima ya kuwafidia. Hali hubadilika iwapo ni wewe uliyewalipa vijana kwa siku, ukawapa vifaa na kuwaambia wachimbe hapa na pale, kwa kuwa hapo unaweza kuonekana kuwa mwajiri wewe mwenyewe. Ndiyo maana makubaliano ya maandishi, hata ya ukurasa mmoja, yana thamani kubwa: jina la fundi, nambari ya kitambulisho, kazi yenyewe, bei, na sentensi inayosema wazi nani anawaajiri wasaidizi na nani ana bima yao.

Kuhusu mtaro, fundi anayeijua kazi hukanyaga udongo kwanza. Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa nyanda za Kano, husimama wima kama ukuta wakati wa kiangazi na kuporomoka bila onyo ukinyeshewa. Mtaro wenye kina hupanuliwa juu au hushikiliwa kwa mbao, na udongo uliochimbwa hautupwi ukingoni, maana uzito wake ndio unaousukuma ukuta ndani. Ukimwona fundi anarundika udongo hatua moja kutoka kwenye mtaro wenye kina cha kifua, msimamishe hapo hapo, hata kama huna cheti chochote.

Kwa kazi kubwa, tovuti ya NCA inamwezesha mtu yeyote kutafuta jina la mkandarasi na kuona kama amesajiliwa na kwa daraja gani. Ni kazi ya dakika tano kwenye simu.

Mzee wa Mabomba, Bungoma

Ndugu zangu, mimi nimelaza mabomba tangu enzi za mabomba ya chuma ya kukatiwa meno kwa mkono, kabla hizi plastiki hazijafika kwenye maduka yetu. Shule, zahanati, makanisa, nyumba za walimu, nyingi ninazo kwenye kumbukumbu, na hakuna hata moja niliyorudishwa kwa kosa. Sina cheti. Sasa vijana niliowafundisha mimi mwenyewe wanapewa kazi na mimi naachwa, kwa sababu wao wana karatasi. Cheti hakifungi koki inayovuja. Ningependa kuambiwa kwa heshima, ni wapi sheria hizi zimemfikiria mtu kama mimi?

Fundi wa Lanet

Mzee wangu, ninapokea maneno yako kwa heshima yote, kwa maana aliyenifundisha mimi kukata meno ya bomba la chuma alikuwa mtu kama wewe, naye pia hakuwa na cheti hadi alipostaafu. Unachokisema kina ukweli, na kwa muda mrefu sheria haikuwa na mahali pa kukuweka.

Sasa pana njia mbili. Ya kwanza ni mtihani wa NITA ambao, kama nilivyoandika, haumlazimu mtu kupita chuoni. Ya pili ni utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana kazini, ambao unasimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kitaaluma, KNQA. Humo hutahiniwi kama mwanafunzi anayeanza. Unaleta ushahidi wa kazi ulizofanya, yaani picha, barua kutoka kwa uliowafanyia kazi, majina ya waliokuona, kisha mtathmini anakuuliza na kukutazama ukifanya kazi, na ukitosheleza unapewa cheti cha ngazi inayolingana na ujuzi wako. Zile shule na zahanati zilizo kwenye kumbukumbu yako ndizo ushahidi wako. Mtume kijana mmoja akapige picha wakati majengo hayo bado yapo, na umwombe mwalimu mkuu au mchungaji barua fupi yenye muhuri.

Niruhusu pia nikueleze, bila kukukosea adabu, kwa nini mimi mwenyewe naona kuna haja ya mtu wa nje kuikagua kazi yetu. Mwaka mmoja nikiwa Kisumu niliitwa kwenye ploti ambapo watoto wa vyumba vinne walikuwa wakiharisha. Fundi aliyetangulia, ambaye alisifiwa mtaa mzima, alikuwa ameingiza mpira wa maji ya kampuni hadi chini kabisa ya pipa la kufulia, ukazama humo. Maji ya kampuni yakikatika, bomba hubaki tupu na kuvuta, na kilichomo ndani ya pipa hurudi kwenye bomba na kuingia kwa jirani. Dawa yake haigharimu sana: mdomo wa bomba ubaki juu ya maji pasipo kuyagusa, na pawekwe vali ya kuzuia maji kurudi. Fundi yule hakuwa mvivu wala mwizi. Hakuna aliyewahi kumwambia. Sisi watu wa kando ya ziwa tumezika watu kwa kipindupindu, na kosa kama hilo halionekani kwa macho wala halivuji.

Mzee wa Mabomba, Bungoma

Nimekusikia, mwanangu. Habari ya mpira kuzama kwenye pipa niliijua kwa upande wa dawa za shambani, sikuwahi kuifikiria kwa pipa la nguo. Mjukuu wangu ataanza na picha za zahanati Jumamosi.

Mkandarasi Mdogo, Kondele

Naomba niongeze upande wa zabuni, kwa kuwa mzee ameupitia haraka na ndipo nilipoumia. Tulikuwa vijana watatu, tukasajili kampuni, tukapata NCA 8, tukaomba zabuni ya kukarabati vyoo na mabomba ya shule moja. Bei yetu ilikuwa nzuri, lakini tuliondolewa hatua ya kwanza kabisa kabla bei haijafunguliwa, kwa sababu cheti chetu cha kutodaiwa kodi kilikuwa kimeisha muda siku nne kabla ya tarehe ya kufunga. Hatukuwa tunadaiwa hata shilingi. Tangu hapo ninaandika tarehe za kuisha kwa kila karatasi kwenye kalenda ya ukutani.

Kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali, na cheti cha kuingia kwenye mpango huo, AGPO, ni cha bure. Yeyote anayewadai pesa za AGPO mkimbieni. Mkishapata kazi, jiandaeni kwa mambo mawili. Anayewalipa atakata asilimia 3 ya malipo ya mkataba na kuipeleka KRA kwa niaba yenu, kwa hiyo msishangae mkipokea pungufu, ila daini cheti cha makato hayo maana kinapunguza kodi yenu. Na ankara zenu ni lazima zitoke kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa sababu tangu Januari 2024 kampuni haiwezi kuhesabu gharama isiyo na ankara hiyo. Mkandarasi mkuu hatawapa kazi ndogo kama hamuwezi kumpa ankara ya namna hiyo, hata kama mnachomelea vizuri kuliko wote.

Fundi anayefanya biashara kwa jina lake, ambaye mapato yake kwa mwaka yamezidi shilingi milioni 1 lakini hayajafika milioni 25, yuko chini ya kodi ya mauzo ya asilimia 3. Inalipwa kwa mauzo na si kwa faida, kwa hiyo ukinunua vifaa kwa niaba ya mteja na kuviingiza kwenye ankara yako, unalipia kodi pesa ambazo hazikuwa zako. Mimi humwomba mteja anunue vifaa mwenyewe dukani, risiti ikatwe kwa jina lake, nami namtoza ufundi tu.

Mpangaji wa Nyalenda

Maswali mawili mafupi. Fundi bomba anaruhusiwa kufunga hita ya maji ya bafuni? Na gari la kunyonya maji taka linahitaji kibali gani?

Fundi wa Lanet

Bomba la hita ni la fundi bomba, lakini nyaya zake ni za fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati. Maji na umeme vimekutana pale juu ya kichwa cha mtu aliyelowa, na mimi nimewahi kuikuta hita isiyo na waya wa ardhini ikiwapiga shoti wapangaji kila asubuhi, nao wameizoea. Usikubali fundi mmoja afanye yote kwa sababu ni nafuu.

Gari la kunyonya maji taka linahitaji leseni ya kusafirisha taka kutoka NEMA, mamlaka ya mazingira, na dereva awe na mahali panaporuhusiwa pa kumwaga. Ukimwona akitafuta mto, piga picha ya nambari ya gari.

Binti wa Sigalagala

Mzee, na yule kijana aliyeuziwa kadi ya plastiki, habari yake iliishia wapi? Elfu nne na mia tano ni nyingi kwa mtu anayeanza.

Fundi wa Lanet

Tulikwenda naye kituo cha polisi Jumatatu, akaandikisha taarifa, na kadi tukaiacha pale kama kielelezo. Kumbe alikuwa wa tatu kuripoti kadi ya namna hiyo mwezi huu, na mwenye simu iliyopokea pesa anatafutwa. Sijui kama pesa zitarudi.

Amekubali kujisajili kwa gredi ya tatu katika awamu inayokuja. Kila jioni baada ya kazi anakuja hapa karakana, anatumia mashine yangu, nami nimeweka saa ya ukutani mbele ya meza. Anachomelea viungo kumi vya milimita 20 akihesabu sekunde kwa sauti, kisha mimi navipasua vyote kwa msumeno na tunatazama ndani pamoja. Jana vinane vilikuwa wazi kabisa. Viwili vilikuwa vimevimba kidogo, na alivijua kabla sijavikata.